Kipande kwa Kipande: Michoro ya Riwaya za Enzi ya Malkia Victoria

Ndugu Mwenyekiti, walimu wenzangu, wakutubi wetu, wazazi, na nyinyi vijana mliokaa karibu na mlango ili kuondoka kuwe rahisi: ahsanteni kwa kuja.

Picha ya kwanza katika riwaya ya kwanza ya Charles Dickens inamwonyesha mzee mnene mwenye kipara na miwani, amesimama juu ya kiti, anahutubia wenzake. Mkono mmoja kauficha nyuma ya koti, wa pili anaupunga hewani. Huyo ni Bwana Pickwick, na hotuba yake haina kichwa wala miguu. Nimeanza naye ili mjue kwamba hatari iliyo mbele yangu ninaifahamu. Kiti sitapanda.

Nimeombwa nizungumzie mafumbo ya vipande, yale ya picha iliyokatwakatwa ukaiunge mwenyewe, ambayo maktaba yetu iliyapata pamoja na vitabu vya msaada. Waliofungua maboksi walikuta michoro ya kizamani ya wino mweusi: wanaume wenye kofia ndefu, wanawake wenye magauni mapana, vyumba vyenye giza. Wakauliza, haya ni ya watoto? Tuyaweke wapi? Mmoja akapendekeza stoo.

Naomba yasiende stoo. Hiyo ni michoro ya riwaya za Kiingereza za enzi ya Malkia Victoria, aliyetawala tangu 1837 hadi 1901. Katika riwaya hizo picha haikuwekwa ili kitabu kipendeze. Picha ilikuwa sehemu ya hadithi, na mara nyingine ilitoa habari ambayo maneno yaliificha. Sisi tuliosoma vitabu hivyo shuleni, katika matoleo ya bei nafuu yaliyofupishwa, tulipewa maneno tu, na hatukujua kwamba tumepunjwa. Na sijaona kitu kinachomkalisha mtu mbele ya picha moja jioni nzima kama fumbo la vipande.

Tumrudie Pickwick kidogo. Mwaka 1836 mwenye jina hakuwa Dickens. Alikuwa mchoraji Robert Seymour, aliyetaka kutoa mfululizo wa picha za kuchekesha kuhusu klabu ya wawindaji na wavuvi wasiojua kuwinda wala kuvua. Wachapishaji wakatafuta kijana wa kuandika maneno ya kusindikiza picha. Wakampata Dickens, mwenye umri wa miaka 24. Yaani mwandishi ndiye aliyeajiriwa kumfuata mchoraji. Dickens alianza mara moja kuvuta kamba upande wake. Kabla toleo la mwezi wa pili halijatoka, Seymour alijiua. Tangu hapo picha zikapunguzwa kutoka nne hadi mbili kila mwezi, kurasa zikaongezwa kutoka 24 hadi 32, na baada ya mchoraji mwingine kujaribiwa na kuachwa, kazi ikamwangukia kijana mdogo kuliko Dickens mwenyewe, Hablot Knight Browne, aliyejiita Phiz. Wawili hao walifanya kazi pamoja kwa zaidi ya miaka 20.

Msomaji wa wakati ule hakununua kitabu kizima. Alinunua kijitabu chembamba kila mwezi kwa shilingi moja ya Kiingereza, na picha mbili zilitangulia mwanzoni, kabla ya maneno. Aliziona kwanza. Aliona mtu ameanguka, au mwanamke anasoma barua huku mwenzake anachungulia, halafu ndipo akasoma kujua imekuwaje. Akimaliza, alikuwa na mwezi mzima wa kungoja toleo jingine, na picha mbili za kurudiarudia. Mtu wa namna hiyo aliijua kila kona ya mchoro. Sisi tunapitisha macho kwa sekunde tatu, tunafungua ukurasa unaofuata.

Nitawapa mifano miwili. Ya pili naipenda, lakini ya kwanza ndiyo iliyonifanya nikubali kuja hapa leo.

William Makepeace Thackeray alitoa riwaya yake Vanity Fair kwa sehemu za kila mwezi mwaka 1847 na 1848, na michoro aliichora mwenyewe. Ndani yake kuna Becky Sharp, msichana maskini mwenye akili kali, anayepanda ngazi za jamii kwa kila hila. Mwishoni ameganda kwa Jos Sedley, mtu mnene, mwoga, mwenye fedha, ambaye amekata bima ya maisha. Rafiki wa familia, Dobbin, anakwenda kumtembelea na kumsihi amwache huyo mwanamke. Jos anatetemeka. Anamwomba Dobbin asimwambie Becky lolote, maana akijua atamuua. Miezi mitatu baadaye Jos amekufa. Wakili wa kampuni ya bima anaapa kwamba hajaona kesi nyeusi kama ile. Kampuni inalipa. Thackeray anasonga mbele kana kwamba hakusema kitu. Je, Becky alimuua? Tafuta katika maneno yote ya kitabu, hutapata jibu.

Sasa tazama mchoro. Jos anamlalamikia Dobbin. Nyuma ya pazia amesimama Becky, anasikiliza, na mkononi ameshika kitu. Chini yake Thackeray ameandika kwamba huku ni kutokea kwa Becky kwa mara ya pili katika nafasi ya Clytemnestra. Clytemnestra ni malkia wa hadithi za Kigiriki aliyemuua mumewe, na nyuma kidogo katika riwaya Becky alishaigiza nafasi hiyo kwenye mchezo wa sebuleni, mbele ya wageni waliompigia makofi. Maneno ya kitabu hayamshtaki. Mchoro unamshtaki mchana kweupe, na mshtaki ni mwandishi yuleyule! Toleo lisilo na picha limempa Becky wakili mzuri sana.

Nilipeleka mchoro huo kwa mchapaji, akaubandika kwenye kadibodi nene na kuukata vipande. Wakati wa kuunga, kila mtu huanza na kingo, kisha hukimbilia nyuso na mikono, kwa sababu hizo zinatambulika. Jos na Dobbin wanakamilika mapema. Pazia linaachwa, kwa kuwa ni mistari mitupu ya kwenda chini, kipande kimoja hakina tofauti na kingine. Unabaki na rundo la vipande vyeusi unavyovijaribu kimoja kimoja. Katikati ya kuchoka huko unashika kipande chenye jicho. Mume wangu, ambaye hakuwa amesoma riwaya, alikishika akauliza: “Huyu ni nani tena?” Wahusika tulishawamaliza, hivyo tulidhani. Ndivyo Thackeray alivyokusudia umwone Becky, amekuwemo chumbani muda wote.

Mfano wa pili ni wa Phiz, katika David Copperfield ya Dickens, 1849 hadi 1850. Martha, msichana aliyeharibikiwa na jamii ikamtupa, amekuja usiku kumwomba Emily msaada wa kuondoka mjini. Yuko chini kwenye sakafu, kichwa kimeinama. Emily amesimama, mzuri, mchumba wa mtu, bado heshima yake haijaguswa. Kwa atakayesoma kwa haraka, hapa kuna mmoja aliyeanguka na mmoja mwema. Lakini ukiunga ukutani unakuta Phiz ametundika picha ndani ya picha. Moja ni ya Hawa akishawishiwa bustanini. Nyingine ni ya mwanamke mwenye dhambi miguuni pa Yesu. Ni nyongeza ya mchoraji. Msomaji wa mwaka 1849 aliyeziona alishadokezwa, miezi miwili kabla ya maneno kufika huko, kwamba Emily naye yuko njiani kuanguka, na kwamba msamaha unaweza kumfikia yeyote kati yao. Phiz alikuwa na tabia hiyo ya kuficha maoni ukutani, juu ya rafu, kwenye saa, kwenye utando wa buibui. Ukiwa na kitabu mkononi, hivyo vyote ni vidogo kuliko ukucha. Kwenye fumbo la vipande, kila kimoja ni kipande chako cha kutafutia mahali.

Sasa kwa nini michoro hii ni migumu kuunga? Wengi mmezoea mafumbo ya rangi, milima na maua. Hapo unatenga bluu ya mbingu, kijani cha majani, kazi imekwisha nusu. Hapa kila kipande ni cheupe na cheusi. Kwa hiyo lazima ujifunze kusoma mistari, na mistari ina asili mbili.

Asili ya kwanza ni chuma. Phiz na George Cruikshank, aliyechora picha za Oliver Twist ya Dickens, walichora kwenye bamba la chuma lililopakwa nta. Sindano inakwaruza nta, asidi inamwagwa, na pale palipokwaruzwa asidi inakula chuma. Nta ikisafishwa, wino unakaa kwenye vile vifereji. Mstari wake ni huru, unacheza kama mwandiko. Kwa riwaya ya Dickens iitwayo Bleak House, 1852 hadi 1853, Phiz alikwenda mbali zaidi. Alitumia mashine ya kuchora mistari myembamba sambamba bamba zima, akapata kijivu na giza ambalo mkono peke yake usingeliweza. Michoro kumi ya kitabu hicho ilifanywa hivyo. Mmoja ni wa mtaa wa Tom-all-Alone’s: nyumba zinazoporomoka, zimeegemezwa kwa magogo, hakuna mtu hata mmoja. Huo nawaonya. Umekaa kwenye meza ya tatu pale, na ni wa watu wenye roho ngumu.

Asili ya pili ni mti. Mchoraji alichora juu ya kipande cha ubao mgumu sana uliokatwa kwa kuukingama mti, na mafundi wengine, wachongaji, wakaondoa kila sehemu isiyotakiwa kuchapwa. Mstari unaobaki ndio unaoshika wino. Faida yake ni kwamba ubao huo uliingia kwenye mashine moja pamoja na herufi, hivyo picha iliweza kukaa katikati ya maneno. Tatizo lake ni kwamba mti wenyewe ni mwembamba, hukua polepole, na hautoi ubao mpana. Magazeti ya picha kama Illustrated London News, lililoanza 1842, yalihitaji picha za ukurasa mzima, tena kwa haraka. Walifanyaje? Walifunga vibao vingi kwa skrubu vikawa kibao kimoja, mchoro ukachorwa juu yake, kisha wakavifungua. Kila mchongaji akapewa kipande chake. Huyu anachonga bega la mtu, mwenzake anachonga dirisha, wa tatu ana mbingu tupu, usiku kucha. Alfajiri vinafungwa upya na kupelekwa mashineni. Mkipata nakala ya zamani ya gazeti kama hilo, tazameni kwa makini. Mara nyingine mtaona ufa mweupe mwembamba ulionyooka unapita katikati ya farasi au jengo, mahali vibao vilipokutana.

Kwa hiyo anayesema ni dharau kuukata mchoro wa zama zile vipande vipande, mwambieni walioutengeneza walishaukata kabla yetu.

Ukishajua hayo, unachambua vipande kama mchele, kwa kufuata mwelekeo wa mistari badala ya rangi. Mistari ya kulala mara nyingi ni ukuta au anga. Iliyopindapinda ni nguo, na inakuonyesha mwili uko wapi chini ya nguo. Mistari inayokatana ni kivuli. Vijana, nyinyi mnaopenda kuchora, katika saa mbili za kuchambua vivuli vya Cruikshank mtajifunza mengi kuliko nilivyofundishwa mimi muhula mzima. Anzeni na ule wa Oliver Twist akiomba aongezewe uji. Ni mwepesi, na uso wa mpishi unatosha kuwapa moyo.

Nisipotaja Alice, yule msichana wa Nchi ya Ajabu, mtanifukuza. Kitabu cha Lewis Carroll cha 1865 kina michoro 42 ya John Tenniel, iliyochongwa kwenye mti na karakana ya ndugu wa Dalziel, na ndiyo mnayoikuta kwa wingi zaidi kwenye mafumbo ya madukani. Tenniel alikuwa mgumu wa kuridhika. Nakala 2,000 za kwanza zilipochapwa alisema picha zimetoka vibaya, na Carroll akakubali kuziondoa na kuchapa upya. Vile vibao vya asili vilitumika kutolea nakala za shaba za kuchapia tu, hivyo havikuchakaa. Vikapotea machoni pa watu hadi 1985, vilipokutwa kwenye chumba cha hazina cha benki jijini London.

Katika kitabu cha pili cha Alice, kilichotoka mwishoni mwa 1871, Alice anapita ndani ya kioo. Tenniel alichora picha mbili, na zimewekwa kwenye karatasi moja, pande zote mbili. Upande huu unamwona anaingia. Unafungua ukurasa, yuko upande wa pili, anatoka. Karatasi yenyewe ndiyo kioo! Sijakutana na fumbo la vipande lililochapwa pande mbili kwa namna hiyo. Kama kuna mtengenezaji humu ukumbini, mimi ni mteja wake wa kwanza.

Kuhusu rangi, najua hatutakubaliana. Mafumbo mengi ya Alice yamepakwa rangi baadaye, gauni la bluu, mawaridi mekundu. Mimi siyapendi. Rangi inaziba mistari, na mistari ndiyo kazi ya mafundi wale. Wanaotetea rangi watasema Tenniel mwenyewe alizikubali, maana mwaka 1890 kilitoka kitabu cha watoto wadogo chenye michoro yake 20 iliyokuzwa na kutiwa rangi. Ni kweli. Lakini humo gauni la Alice ni la njano, kwa hiyo wenye gauni la bluu wasimtaje Tenniel kuwa shahidi wao.

Mafumbo yenyewe ni ya zamani kuliko Victoria. Mchoraji ramani wa London, John Spilsbury, katika miaka ya 1760 alibandika ramani kwenye mbao za mahogani na kuzikata kwa kufuata mipaka ya nchi, watoto wajifunze jiografia. Watoto wa Mfalme George wa Tatu walifundishwa kwa ramani za namna hiyo. Katika riwaya moja ya Jane Austen ya 1814, binti maskini anachekwa na binamu zake matajiri kwa kuwa hawezi kuunga ramani ya Ulaya. Vilikuwa vitu ghali. Kadibodi na mashine ya kukandamiza visu ndivyo vilivyoshusha bei, na wakati wa mdororo wa uchumi Marekani, mwaka 1933, yaliuzwa kwa mamilioni kila wiki, na maktaba zikayaazimisha kama vitabu. Mkutubi wetu, hilo la kuazimisha nalirudia kwa sauti: kama vitabu.

Kuna atakayeuliza, haya ya Waingereza yanatuhusu nini. Riwaya hizi zilishaingia katika Kiswahili zamani. Mashimo ya Mfalme Sulemani, ya H. Rider Haggard, ilitafsiriwa 1929. Alice alitoka kwa Kiswahili mwaka 1940, na Ida Hadjivayanis akamtafsiri upya mwaka 2015. Hadithi tumekuwa nazo. Nadai picha.

Na picha hazina gharama. Seymour, Cruikshank, Thackeray, Phiz, Tenniel, wote wamefariki zaidi ya miaka 100 iliyopita, haki za michoro yao zimekwisha muda. Maktaba kubwa za nje zimeiweka intaneti kwa ukubwa wa kuchapika. Mchapaji yeyote wa mabango atakutolea. Ubandike kwenye kadibodi nene au plaiwudi nyembamba, gundi isambazwe sawasawa la sivyo karatasi itavimba. Kwa plaiwudi, fundi seremala mwenye msumeno mwembamba wa kukata nakshi anaweza kukukatia vipande 100 au 150. Mwambie vipande viumane. Ukitaka kuwatesa rafiki zako, mwambie akate kwa kufuata mistari ya mchoro, ukingo wa kofia, mgongo wa kiti, ili umbo la kipande lisimsaidie mtu.

Kwa yale tuliyopewa, kuna mambo mawili ya kukumbuka. Boksi likiandikwa vipande 1000, msishtuke mkihesabu mkapata 1026, mengi hukatwa safu 38 kwa 27. Na kipande kikikosekana, fumbo lisitupwe. Mchoro wa wino mweusi una neema hii: chapa sehemu ile tu kwa ukubwa uleule, bandika kwenye kadibodi ya unene uleule, fuata tundu lililobaki kwa penseli, kata kwa wembe. Kazi ya dakika 20.

Meza zimepangwa upande wa madirisha. Ya kwanza ni Oliver na uji, ya pili ni Becky, ya tatu nimeshawaonya. Vifuniko vya maboksi nimevificha, na sitavitoa kabla ya saa nane, hata mzazi akiniomba. Wa meza ya pili, mliosikia siri yake leo, msiwaambie watakaochelewa kufika. Chai na vitumbua viko kule kwenye korido, na mwenye mafuta vidoleni asiguse karatasi. Karibuni.